Wiki Mbili Moorooka: Mtaa wa Mapipa na Mbwa

Jumatano, 20 Novemba 2024

Mbuzi imevuka salama. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, ya mninga, niliyomnunulia binti yangu, na ambayo moyoni nilishaagana nayo kabla sijafika meza ya ukaguzi pale uwanja wa ndege wa Brisbane. Australia hawana mchezo na mbao, mbegu wala chakula. Kadi ya kujaza ndani ya ndege inakuuliza kila kitu, nami nikajaza "ndiyo" kila mahali, maana ukificha ukakamatwa, faini yake si ya kuchekea.

Afisa alikuwa kijana mpole. Akaipindua mbuzi miguu juu, akaimulika kwa tochi akitafuta vitundu vya wadudu, akapitisha kidole kwenye meno ya chuma, akauliza hiki kinafanya kazi gani. Nikaikalia pale pale, nikamwonyesha kwa mikono. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Mbuzi ikaruhusiwa. Pakiti ya mbegu za mchicha ikaishia pipani, mbele ya macho yangu.

Kutoka Dubai hadi hapa ni kama saa kumi na nne hewani. Miguu imevimba. Nimefika jioni kwa binti yangu, Moorooka, mtaa wa hapa Brisbane, nimemwona mjukuu, nimeona ngazi ndefu, nimeona kitanda. Mengine kesho.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeamshwa na kicheko. Kicheko kirefu, cha mtu mzima aliyesikia jambo la aibu la jirani yake, kikifuatwa na cha pili na cha tatu. Kumbe ni ndege, kookaburra, wamepanga mstari juu ya waya wa umeme. Jua lilikuwa linachomoza na saa yangu ilisema saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Jimbo hili la Queensland halisogezi saa zake majira ya joto kama Sydney na Melbourne, kwa hiyo Novemba mwanga unakufuata kitandani. Dar ilikuwa bado jana usiku: wametuacha saa saba, au sisi tumewaacha, inategemea unapigia simu kutoka wapi.

Sasa nyumba. Imejengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, yote ya mbao, paa la bati, veranda mbele, na imesimama juu ya nguzo kiasi kwamba mtu mzima anatembea chini yake bila kuinama. Nyumba za namna hii zinaitwa Queenslander. Nimezihesabu ngazi za mbele: kumi na tatu. Sababu za kuiinua ni nyingi: upepo upite chini, mvua ipite chini, mteremko usikusumbue, na mchwa.

Nimekaa muda mrefu na hilo la mchwa. Juu ya kila nguzo, kabla nyumba haijaanza, kuna kipande cha bati kilichopindwa kingo kama kisosi kilichofunikwa. Nilidhani bati hilo linamzuia mchwa asipande. Mkwe wangu akanieleza kwamba haliwezi kumzuia. Linamlazimisha tu atokee nje na kujenga njia yake ya udongo kuzunguka ukingo wa kisosi, mahali ambapo mwenye nyumba akipita na tochi atamwona. Nimefundisha Jiografia miaka thelathini na sijawahi kuona mlinzi wa bei rahisi namna hii.

Chini ya nyumba ndiko maisha yaliko: mashine ya kufulia, baiskeli, makopo ya rangi, na ubaridi wa kumlaza mtu mchana. Uani kuna mlingoti wa kuanikia nguo wenye mikono minne, unaozunguka na upepo na kupandishwa kwa mkono wa kuzungusha. Wanauita Hills Hoist, kwa jina la Lance Hill, aliyeanza kuunda yake Adelaide mwaka 1945. Mjukuu amekatazwa kuuning'inia. Nimemkuta ananing'inia.

Kiwanja chenyewe ni mita za mraba 405. Hesabu hii si ya bahati nasibu. Mwaka 1885 Queensland ilipitisha sheria kwamba kiwanja kisipungue perchi 16, kipimo cha ardhi cha Kiingereza cha zamani, watu wasije wakabanwa kama walivyobanwa mitaa ya maskini Uingereza, na ukizigeuza perchi hizo kuwa mita unapata hiyo 405. Ndiyo maana jiji limetambaa hadi upeo wa macho.

Kuanzia saa nne hadi saa nane mchana niliketi verandani nikiangalia barabara. Nimemwona mtu mmoja, mpeleka barua. Hakuna muuza mchicha, hakuna fundi viatu, hakuna mtoto aliyetumwa chumvi. Nyumba ya ng'ambo ya barabara imefungwa madirisha kwa mbao, na ukutani imepigwa mistari na namba za rangi nyekundu. Nikashtuka. Mtu wa Dar akiona rangi nyekundu ukutani anajua ni X, na baada ya X ni tingatinga. Binti yangu akacheka: "Hapana mama. Hiyo nyumba haibomolewi. Inahama."

Nikadhani uchovu wa safari umenichezea masikio.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimewapata watu wa mtaa. Wanatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kila mmoja ana mbwa. Mtu asiye na mbwa ni kama hana sababu ya kuwa barabarani. Wanasalimiana vizuri tu, wanasimama, wanaongea, ila wanajuana kwa majina ya mbwa. Binti yangu ana miaka minne hapa, anaweza kukutajia mbwa kumi na mmoja kwa majina na wenye mbwa wawili. Kila mtu amebeba kifuko cha kuzolea kinyesi, na hakuna anayeona haya. Saa moja na nusu barabara imeshakuwa tupu tena, isipokuwa watoto wa shule na kofia zao pana. Bila kofia hawaruhusiwi kucheza juani. Jua la hapa linababua kweli, hata sisi weusi tusijidanganye.

Leo pia ni siku ya mapipa. Kila nyumba ina mapipa ya magurudumu: la kawaida linatolewa kila wiki, lenye mfuniko wa njano la karatasi, chupa na makopo linatolewa wiki moja, na la kijani la majani ya bustani wiki inayofuata. Zamu ni ya nani wiki hii? Hakuna anayekumbuka. Mtaa mzima unasubiri mzee wa jirani yetu atoe la kwake. Akisogeza la njano, ndani ya nusu saa barabara nzima ni njano. Niliona kwa macho yangu wa nyumba ya tatu ametoa la kijani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akalirudisha.

Kwetu mjumbe hubisha hodi. Huku mjumbe ni pipa.

Jumamosi, 23 Novemba

Madukani, kwa miguu. Barabara ya Beaudesert hapa Moorooka ina maduka ya Waethiopia, Waeritrea, Wasomali na Wasudani, yamekaa bega kwa bega. Baada ya siku mbili za kimya nilitaka kulia niliposikia watu wanapigiana kelele kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Tulikunywa kahawa ya buni zilizokaangwa pale pale.

Dukani nikamkuta mama mmoja wa Uvira, Kongo, anachagua muhogo wa friza. Akanisikia nikiongea na mjukuu, akageuka: "Mama, uko natoka wapi?" Nikamwambia Dar es Salaam. Akaniambia sombe iko, lakini ni ya friza, niioshe vizuri. Sombe ni kisamvu chetu. Tukasimama pale karibu saa nzima, friza wazi, hadi mwenye duka akaja kuifunga taratibu bila kusema neno.

Mchicha hawakuwa nao.

Jumapili, 24 Novemba

Mkwe alinizungusha na gari Rocklea, mtaa wa chini yetu, mahali lilipo soko kuu la matunda na mboga la Brisbane. Moorooka iko juu ya vilima. Rocklea iko bondeni, na maji yanajua njia. Mwaka 1974 mto wa Brisbane ulifika mita 5.45 kwenye kipimo cha katikati ya jiji, mwaka 2011 mita 4.46, na mwaka 2022 mita 3.85. Tarakimu zinashuka, lakini 2022 mvua ilimwagika juu ya jiji lenyewe, vijito vikajaa haraka kuliko mto, na watu wa Rocklea wakaingiliwa tena.

Baada ya hapo serikali ilianza kununua nyumba za mabondeni kwa hiari ya wenyewe, na nyingine kuziinua zaidi. Kwa hiyo unapita barabarani, nyumba, nyumba, halafu pengo la nyasi zilizofyekwa vizuri, nyumba, pengo. Mtu wa Jangwani, bonde letu la mafuriko pale Dar, hahitaji kuelezwa. Nilimwomba mkwe apunguze mwendo. Kwenye pengo moja ua la waridi lilikuwa limechanua kwenye mstari ulionyooka, pale palipokuwa na uzio.

Jumatatu, 25 Novemba

Mchicha nimeupata. Ulikuwa unaniangalia tangu siku ya kwanza.

Kati ya uzio na barabara kuna ukanda wa nyasi. Ardhi ni ya halmashauri ya jiji, lakini kufyeka ni kazi yako. Kwenye ukanda wa mzee wa jirani, chini ya uzio, mchicha pori umejiotea: majani ya kijani, shina jekundu kidogo, na vile vishungi vya mbegu. Huku ni magugu. Wamenitupia pakiti ya mbegu uwanja wa ndege na wenyewe wana mchicha wa kuchuma bure!

Binti alinionya kwamba watu hupulizia dawa za magugu, nisiguse hovyo. Nikangoja mzee atoke, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha ualimu. Akasema hapulizii, magugu hung'oa kwa mkono, lakini siku hizi mgongo. Nikapiga magoti. Nikajaza beseni. Alidhani namsaidia palizi, akanishukuru mara tatu, akaniletea na glavu.

Mbuzi ikazindua kazi. Nazi ya dukani ni kavu na ina bei ya kuudhi, lakini tui lilitoka. Jioni nikampelekea sahani ya mchicha wa nazi, imefunikwa. Alipofungua mlango alitazama sahani, akatazama ukanda wake wa nyasi, akaanza kucheka kama wale ndege.

Anadhani "Bibi" ndiyo jina langu, kwa kuwa ndivyo mjukuu anavyoniita. Sikumsahihisha.

Jumanne, 26 Novemba

Ukaguzi. Nyumba ni ya kupanga, kodi inahesabiwa kwa wiki, na mwenye nyumba hawajawahi kumwona uso. Anayekuja ni wakala, na sheria hairuhusu aje zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Huyu hakosi. Binti yangu, muuguzi anayeshika zamu za usiku bila kutetereka, jana alikuwa amepiga magoti anasugua reli za madirisha kwa mswaki.

Wakala alikaa dakika kumi na mbili. Alipiga picha jiko, bafu, kila dari. Aliipiga picha na mbuzi, kwenye kona yake jikoni, bila kuuliza. Sasa iko kwenye faili fulani, na sijui wameiandikaje.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana ilikuwa treni hadi mjini, senti 50 tu kwa safari tangu Agosti, na kutembea kandokando ya mto. Mji mzuri, nimeona, nimerudi.

Leo ndiyo siku. Kuanzia asubuhi joto lilikuwa limekaa kama mtu aliyenuna. Saa tisa alasiri wingu likapanda kutoka kusini magharibi, jeusi, na tumboni lina rangi ya kijani. Sijawahi kuona wingu la kijani. Mzee wa jirani akapiga kelele juu ya uzio, mara ya kwanza namsikia akipaza sauti: tuingize gari chini ya nyumba, kijani ni mawe! Yeye mwenyewe alikuwa anakokota godoro kuukuu na mablanketi kufunika gari lake. Binti alikuwa kazini, mkwe hayupo, funguo za gari zipo, dereva hayupo. Tukabaki mimi na mjukuu wa miaka saba. Tukachukua mablanketi yote ya nyumba, na khanga zangu mbili, na kamba ya kuanikia. Mzee akaja kutusaidia kufunga mafundo huku matone ya kwanza yakianguka, makubwa kama shilingi mia.

Halafu mawe. Kwenye paa la bati ndani ya nyumba ya mbao huwezi kusikia hata mawazo yako. Tulikaa watatu chini ya nyumba, mzee kwenye ndoo, mimi kwenye mbuzi, tukiyaangalia yakidunda kwenye majani, ukubwa wa ndimu. Akanisimulia kwa kelele habari ya tarehe 31 Oktoba 2020, yalipoanguka makubwa zaidi upande wa Springfield, yakatoboa vigae na kuvunja vioo, mapaa yakakaa chini ya maturubai miezi na miezi. Dakika kumi na tano ikawa imekwisha. Jua likatoka kama halijui lolote.

Gari letu halina hata mkwaruzo. Khanga moja imechanika.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi mzee alikuwa anasukuma pipa la kijani, zito. Nikachungulia: maembe! Mwembe wake wa nyuma ulipukutishwa wote na yale mawe, maembe machanga ya kijani, magumu, na yeye anayatupa. Anasema ni Kensington Pride, embe la Queensland, lingeiva Krismasi. Hajui embe bichi ni chakula.

Nikamsimamisha. Tukapindua pipa pale pale kando ya barabara na kuchambua yasiyopasuka. Wenye mbwa wakasimama kutazama. Mmoja akauliza, nikampa kipande na chumvi na pilipili, akakunja uso, akaomba kingine. Wengine walioona pipa la mzee limelala chini walichelewa kutoa la kwao, na lori nusura liwapite.

Kutwa nzima nimekata, nimetia chumvi, nimeanika kwenye masinia juu ya ngazi. Kesho kutwa haradali, kitunguu saumu, mafuta. Chupa nane za achari.

Jumapili, 1 Desemba

Mikrismasi imechanua. Mti ule ule wetu, maua mekundu yale yale, na mwezi ule ule. Huku wanauita poinciana. Nimepiga picha, nimewatumia watu wa Magomeni, hakuna aliyeamini niko mbali.

Nyumba ya ng'ambo imeanza kufanyiwa kazi. Wameivua veranda, wameikata katikati kwa msumeno kuanzia paa hadi sakafu, wamepitisha vyuma virefu chini yake. Mzee akanifafanulia: imejengwa miaka ya hamsini. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zilizojengwa mwaka 1946 kurudi nyuma haziruhusiwi kuondolewa hovyo, ila hii haimo. Mwenye kiwanja mpya anataka ghorofa. Nyumba ameiuza kwa watu wa kuhamisha, nao wamempata mnunuzi shambani, upande wa Gympie.

Usiku wa Jumanne, 3 Desemba

Saa saba usiku. Sikulala, nilikuwa nangoja.

Lori liliingia kinyumenyume chini ya nusu ya kwanza, jeki zikashuka, na nyumba ikakaa mgongoni mwa lori kama mtoto. Mbele, gari la kusindikiza lenye taa za njano. Vijana wawili wenye fito ndefu wakinyanyua waya. Na hapo nikawaona: mtaa mzima umetoka! Wamevaa nguo za kulalia, wana viti vya kukunja, watoto mabegani. Mwenye mbwa mweupe yupo bila mbwa, na kwa mara ya kwanza nimesikia watu wanaulizana majina. Mzee alikuja na kiti chake, akakiweka karibu na changu. Nikamimina chai ya tangawizi kwenye chupa, mjukuu akagawa vikombe hadi vikaisha, akarudi kuchukua bilauri.

Upande uliokatwa ulikuwa umefunikwa kwa nailoni, na nailoni ilipeperuka lori lilipokata kona. Kwa taa zile za njano niliona jikoni kwa mtu: vigae vya kijani, swichi ya taa, msumari wa kalenda.

"Alikuwa akinipa keki ya ndizi," mzee alisema. Mwenye jiko hilo yuko kwenye nyumba ya wazee tangu mwaka jana.

Ikapinda Beaudesert, ikaenda.

Alhamisi, 5 Desemba

Nusu ya pili imeondoka jana. Kimebaki kiwanja chekundu, mashimo ya nguzo, ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda hewani, na kisanduku cha barua kwenye nguzo yake. Bata mzinga wa porini ameshahamia. Dume huyo hukusanya majani na udongo kuwa kichuguu kikubwa, joto la majani yanayooza ndilo linalotamia mayai, na sheria inamlinda; atakayejenga ghorofa atakutana naye.

Sahani yangu nimeikuta ngazini, na juu yake chupa moja ya achari, tupu, imeoshwa. Nimeijaza.

Mchana mpeleka barua alikuja na pikipiki yake ya umeme ya magurudumu matatu. Alisimama ng'ambo, akakitazama kiwanja, akatazama karatasi za matangazo mkononi, akazitumbukiza kwenye kisanduku. Mzee alivuka barabara, akazitoa, akaja nazo hadi uziani kwetu.

"Bibi," akasema, "kesho ni njano au kijani?"

Nikamwambia njano.